Nilijitungia Wimbo wa Kunitukana

Kwanza nimjibu msomaji wa Kahama, anayeuliza mbona sikuhama nyumba ile kama ilinitesa hivyo. Ndugu yangu, nyumba ya kambi huchagui. Unapewa ufunguo, unasema asante, unaanza kujuta taratibu.

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, mambo yalikuwa hivi. Mimi Valerian, mtu wa Ukerewe, nilifika kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka wa hamsini na mbili nikitafuta ukarani. Bwana wa ofisini akaniuliza swali moja tu: unavuta? Nikadhani anapima tabia yangu. Nikamjibu kwa majivuno kwamba tumbaku sijaigusa tangu nizaliwe. Akafurahi sana, akanikabidhi ghala la baruti nililinde, pamoja na nyumba iliyo ubavuni mwake.

Hapo ndipo nilipojifukia. Karibu na ghala la baruti moto hauruhusiwi. Hupiki, huoti moto, mgeni wako hawashi kiko. Na Wasukuma, ambao ndio wengi kambini, jioni yao ni shikome, yaani moto wa nje wanakokaa wanaume. Kila mmoja analetewa chakula kutoka kwake, wanakula pamoja, wanapiga soga. Mimi moto sina, na mke wa kuniletea chakula sina. Nilikwenda shikome ya wenzangu mikono mitupu siku za kwanza, nikaona macho yanafuata matonge yangu. Nikaacha kwenda.

Kosa la pili nililifanya kwa mdomo wangu. Usukumani ngoma zina pande mbili, Wagika na Wagalu. Kila mtu ana upande wake, na kila mavuno yakiisha pande hizo hushindana kwa nyimbo na kutukanana kwa raha zao. Siku nilipofika waliniuliza, wewe Mgika au Mgalu?

"Mimi ni Mkatoliki," nikajibu.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakaniacha. Sikuwa wa kuchekwa na Wagalu wala wa kutetewa na Wagika, nikawa nimesimama katikati peke yangu na rozari yangu.

Basi nikawa napika kwenye jiko la kambi, nabeba ugali hadi kwangu, unafika umepoa. Nafunga mlango ili wapita njia wasione ninavyokula. Nilikuwa nimechonga kigoda kutokana na kasha la baruti, kizuri kabisa, kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja. Nikaanza kuweka bakuli la pili mbele ya kigoda na kukiambia karibu. Nikishakula napiga kasha tupu kwa vidole na kutunga nyimbo za kujisikiliza mwenyewe. Wasomaji mtanicheka. Chekeni tu, lakini kaeni kwanza mwaka mzima bila mtu wa kuwauliza mmeamkaje.

Juma lililopita niliwaachia pale nilipompenda Bhoke, binti wa Kikurya anayeuza uji kwenye lango la mgodi pamoja na shangazi yake. Shangazi huyo, Mama Ghati, aliniambia hivi: "Sijakataa, sijakubali. Nitakuchunguza."

Sasa sikilizeni nilivyomsaidia kunichunguza.

Kulikuwa na mtu anaitwa Cornel, fundi wa mbao, Mgika. Wagalu walimwimba kwamba alitumbukia kisimani na baiskeli akatoka na kengele tu. Nilidhani atajificha. Kumbe kesho yake kambi nzima inamshika bega, huyu anampa tumbaku, yule anamvuta shikome akasimulie habari ya kengele. Niseme ukweli wangu, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mtu aliyetukanwa.

Asubuhi moja Ngassa alikuja dirishani kwangu kuchukua baruti. Ngassa alikuwa mchimba shimoni, na ndiye manju wa Wagalu, mtunzi na mwimbaji wao mkuu. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Mashindano yamekaribia na sina wimbo. Donatus, manju wa Wagika, nimeshamwimba meno, nimemwimba miguu, nimemwimba hata mbuzi wake. Amebaki na nini cha kuimbwa?"

"Mimi nina wimbo."

"Wa kanisani?"

"Wa kutukana."

Akainua kichwa. "Unamtukana nani?"

"Valerian wa baruti."

Ngassa aliitazama baruti aliyoishika, akanitazama mimi, kisha akaiweka chini polepole.

"Valerian si wewe?"

"Ndiye huyo huyo."

"Amekukosea nini?"

"Hana mtu," nikasema.

Hakucheka. Akaegemea dirisha, akaniambia nimwimbie. Nikaimba kwa sauti ya chini, nikigonga kizingiti kwa vidole. Baadaye yeye aliugeuza ukawa Kisukuma, ila mimi niliutunga hivi:

*Valerian wa baruti, mlango wake una haya,*
*Harufu ya ugali ikija, unajifunga wenyewe.*
*Bakuli lake la kwanza, la pili la kigoda,*
*Anakiambia karibu, kigoda hakina mdomo.*

Ngassa alifumba macho mpaka nilipomaliza.

"Habari ya kigoda ni ya kweli?"

"Ya kutunga tu," nikamdanganya.

"Nauchukua. Ila ukishatoka kinywani mwangu ni wangu. Manju anayetungiwa nyimbo na mlinzi wa ghala hana uso wa kusimama mbele ya watu."

Tukapeana mikono kupitia dirishani. Yeye alinificha mimi na mimi nikamficha yeye.

Jumapili Wagalu waliuimba kwenye ngoma ya mazoezi. Kufika Jumatatu kambi nzima ilikuwa nao mdomoni.

"Mwangaluka, Valerian. Kigoda kimeamkaje?"

"Kimeamka salama," nikajibu, na moyo ukinidunda kwa furaha. Watu ambao walikuwa wakipokea baruti na kugeuka sasa walikuwa wakisimama. Mnyapara aliniuliza kama kigoda kinapendelea mchicha au dagaa. Cornel akaja hadi nyumbani na viazi vilivyochomwa, akaomba akione. Akakikalia, akakipapasa, akakiita shemeji. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, maana sikuwa nimecheka na mtu siku nyingi.

Nikaenda kunywa uji nikiwa na kichwa juu. Mama Ghati alikuwa amekaa mlangoni, kiko mdomoni.

"Shikamoo, mama."

Alivuta moshi, akautoa, ndipo akasema marahaba.

"Nilikuambia nitakuchunguza," akasema. "Nikamtuma mtu Ukerewe akaulizie kwenu. Hata Mwanza hajafika, nimeshaimbiwa."

"Mama, ile ni ngoma tu."

"Mwanamume anayefunga mlango saa ya kula, akioa atamfungia mke ndani au nje?"

Nyuma yake Bhoke alikuwa anaosha mabakuli. Aliniangalia kama mtu anayejumlisha hesabu.

"Si kweli, mama," nikasema.

"Basi wakaambie walioimba, mbele ya watu. Siku utakayojisafisha, uje tuzungumze. Kwa sasa kunywa uji, na macho yako yatazame bakuli."

Niliunywa uji ule sikuujua ladha. Nilikuwa nimetaka kutajwa, nikatajwa, na kutajwa kwenyewe kukaniharibia kile kimoja nilichokitaka kwa moyo wote.

Nikarudi nyumbani nimekata tamaa, nikakuta mlango wangu umejaa watu.

Walikuwa Wagika, na mbele yao Donatus mwenyewe, mrefu, meno yametokeza vilevile alivyoimbwa. Mbali kidogo, kwenye jiwe kubwa, waliviweka viko vyao vyote vimelala kwa mstari kwa heshima ya baruti. Wake zao walikuwa wanashusha vyungu.

"Valerian," Donatus akasema, "Wagalu wamekutukana."

"Nimesikia."

"Wagalu hawamtukani mtu wao. Kwa hiyo wewe si Mgalu."

"Kweli."

"Asiye Mgalu ni Mgika. Kwa hiyo wewe ni wetu, na waliokutukana wametutukana sisi. Kaa tule."

Hoja ile sikuona pa kuipinga, na harufu ya kuku ilikuwa imeshanifikia. Tukala mlangoni kwangu, ugali wa moto, mikono mingi kwenye chungu kimoja. Nilitokwa na machozi. Cornel akaniuliza nina nini, nikasingizia moshi, nikasahau kwamba kwangu hakuna moto.

Tulipokwisha kunawa Donatus akainuka na usinga wake, ule wa mkia wa nyumbu, ambao watu walisema umetiwa dawa ya ngoma.

"Jumapili ndiyo mashindano yenyewe," akasema. "Utasimama mbele yetu, utashika usinga huu, utaimba kwamba Ngassa ni mwongo. Kwamba hufungi mlango, huna bakuli la pili, na kigoda hujawahi kukikaribisha. Watu wote watakimbilia upande wetu kukuona, na Wagalu watabaki wanacheza na vumbi."

Walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, wasomaji wangu. Nililiona jambo limenyooka. Ningesema uongo mdogo, Mama Ghati angesikia nimesafishwa, na Wagika wangeendelea kuja na vyungu vyao. Nani angeumia?

Kesho yake mchana Bhoke alikuja dirishani.

Hakuwahi kufika kule. Alikuja na uji kwenye kibuyu akisema shangazi yake amemtuma kwa mnyapara na yeye amepotea njia. Njia ya kwa mnyapara iko upande wa pili kabisa wa kambi.

"Nina swali," akasema. "Kabla ya wimbo ule, nani aliwahi kuingia ndani kwako?"

"Hakuna."

"Ngassa?"

"Ngassa anaishia hapo ulipo wewe."

"Na mlango unaufunga ukila."

"Ndiyo."

"Basi habari ya bakuli la pili Ngassa aliipata wapi?"

Nikashika kufuli, nikaanza kulifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Aliyemwambia ni wewe au ni kigoda," Bhoke akasema. "Na kigoda hakina mdomo, wimbo wenyewe umesema."

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka nitajwe."

Nilingoja acheke. Akasukuma kibuyu cha uji mbele yangu. Kilikuwa cha moto.

"Shangazi anasema mtu wa namna hiyo ni mchoyo. Mimi nilipousikia nilisema, huyu si mchoyo, mchoyo haweki bakuli la pili. Kule Tarime mama alipofariki, mimi nilikuwa namwekea chakula baba aliyekuwa safarini. Mwaka mzima. Nalijua bakuli hilo."

Nikakishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Lakini nimesikia Jumapili utasimama ukane," akaendelea. "Ukisema mbele ya watu kwamba bakuli halikuwepo, mimi nitakuwa nimempenda nani? Nimekipenda kitu ambacho mwenyewe anakionea haya."

"Nikisema kweli, Bhoke, Wagika watanifukuza. Ngassa nitamvunjia ahadi na kumwaibisha. Na shangazi yako atasikia kwa masikio yake kwamba mlango nilikuwa naufunga."

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi narudi kuosha vyombo," akasema, akaenda zake. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na mlango niliuacha wazi, sijui nikimngoja nani.

Jumapili ikafika.

Uwanja wa ngoma ulikuwa chini ya kambi, mahali palipovunwa mtama. Wagalu walisimama upande wa mashariki, Wagika magharibi, na ngoma zikapigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo wanavyoshindana. Hakuna mwamuzi. Umati unakimbia huku, unakimbia kule, na upande utakaobaki na watu ndio ulioshinda. Watu walitoka Nyarugusu, wengine walikuja kwa lori kutoka Shinyanga. Mama Ghati alikuwa amekaa mbele kabisa juu ya gunia, kiko kinatoa moshi. Bhoke sikumwona.

Ngassa alianza na wimbo wangu. Watu wakamiminika kwake. Walikuwa wanauimba wote, wazee kwa watoto, na mimi nilisimama nikisikia upweke wangu unaimbwa na uwanja mzima kwa sauti mbili. Nisiwafiche, ulikuwa mzuri.

Donatus akapuliza filimbi. Ngoma za Wagika zikanyamaza. Akanisukuma mbele, akaniweka usinga mkononi.

"Valerian mwenyewe yuko hapa," akapaza sauti. "Njooni msikie kutoka kwa mwenye mlango."

Umati uligeuka. Ng'ombe wakiona maji hawaendi haraka vile. Dakika hiyo hiyo Wagalu walibaki na wapiga ngoma wao tu, na Ngassa akaacha kuimba, akaja naye kusikiliza. Alinitazama kwa macho ya kuniomba.

Nikafungua mdomo. Maneno ya uongo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi, yalikuwa tayari.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha njia.

Bhoke alikuwa anakuja, na kichwani amebeba kigoda changu. Juu ya kigoda kulikuwa na bakuli lililofunikwa, na mkononi bakuli lingine. Alipita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akakiweka kigoda mbele yangu, akaketi. Bakuli moja akaliweka magotini pake. La pili akaliweka chini, miguuni pangu, akalifunua. Ugali ulikuwa unatoa mvuke.

Sijui ule uongo ulikwenda wapi. Nilichoimba ni hiki:

*Ngassa hakusema uongo, mlango nilifunga mimi,*
*Na wimbo nilitunga mimi, nikaimba dirishani.*
*Bakuli la pili lipo, mbele yenu mnaliona,*
*Nililiweka kwa njaa isiyoshiba kwa ugali.*

Nilisikia mtoto mmoja akimuuliza mama yake kama ngoma imeisha.

Donatus ndiye aliyezinduka kwanza. "Umetunga wewe? Tumechinja kuku kwa ajili ya wimbo uliojitungia wewe?" Akanishika mkono wa kulia. "Lete usinga wangu."

"Mwacheni," sauti ikatoka upande wa pili. Nilidhani Ngassa amekuja kunipiga, na uso wake kweli ulikuwa umesawajika kwa aibu. Lakini waliomzunguka, Wagalu wenzake, walikuwa wamekwisha kupiga hesabu yao. "Kama wimbo wetu bora mwaka huu ametunga huyu, basi huyu ni wetu. Ni Mgalu." Aliyesema hivyo, mtu mwenye mikono ya kuchimba, akanishika mkono wa kushoto.

"Amekula kuku wetu," Wagika wakasema, wakavuta.

"Ameimba wimbo wetu," Wagalu wakasema, wakavuta.

Wasomaji wangu, mimi ambaye mwaka mzima hakuna aliyenishika hata bega, nilikuwa nachanwa vipande viwili na watu wanaonitaka. Usinga ulianguka. Kofia ilianguka. Nilikuwa nacheka na kulia, na mguu mmoja umening'inia hewani.

"Chakula kinapoa," Bhoke akasema, palepale alipoketi. Hakupaza sauti, lakini walio karibu walisikia, wakalegeza mikono.

Ndipo Mama Ghati akatoa kiko mdomoni. Alikikung'uta kwenye kisigino, taratibu, akasimama kutoka kwenye gunia lake. Watu wakampisha kama walivyompisha Bhoke.

"Kwa hiyo mlango ni kweli," akaniambia.

"Ni kweli, mama."

Hakuniuliza lingine. Akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Bhoke. Ukibaki umeketi kwenye kigoda cha mwanamume mbele ya watu wote hawa, umeshajioza mwenyewe, sina tena cha kuzungumza na mtu. Inuka."

Bhoke alimtazama shangazi yake. Akanitazama mimi, nilivyoning'inia kati ya Wagika na Wagalu. Kisha akaliondoa bakuli magotini, akaliweka chini kando ya langu, na akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, kama mtu anayetaka kuinuka. Kama aliinuka au alibaki, wasomaji wangu, nitawaambia juma lijalo.